Magauni Thelathini na Tisa

Kama wiki iliyopita hukulipata gazeti kwa sababu jirani yako ndiye hulinunua na wewe hulisomea begani kwake, nakufupishia. Mume wangu Victor alikwenda Tunduma kununua tairi moja. Akaondoka na friji langu, jiko langu la gesi, masufuria manne na yule dada aliyekuwa akinisaidia kusukuma chapati.

Tairi mpaka leo halijafika.

Alichoniachia ni tranka yangu ya bati, ile niliyokwenda nayo sekondari, imejaa sahani za mgahawa. Nadhani haikuenea garini.

Niliahidi kwamba wiki hii nitaungama. Naungama. Lakini dhambi yangu inaanzia kwenye kufuli, kwa hiyo nivumilieni.

Mwanamke wa mgahawa asiye na mgahawa ni mdomo tu. Mimi nisipoona watu wanakula na kusengenyana mbele yangu, naumwa kichwa. Nikatafuta chumba. Mtaani kwetu kilikuwapo kimoja tu kisicho na mpangaji, nacho hakikuwa na mpangaji tangu mwaka wa Elnino. Duka la Fundi Maximilian, fundi cherehani.

Alilifunga siku moja akaenda Kasanga kumzika dada yake. Kutoka Kasanga akavuka kwenda Zambia. Baadaye tukasikia huko huko alizikwa na yeye.

Kwenye kufuli alikuwa amefunga kitambaa, mafundo matatu. Zamani kilikuwa chekundu, sasa kina rangi ya vumbi. Mtaa mzima ulijua hilo ni zindiko. Wezi wetu wamewahi kuiba betri ya gari la mhubiri akiwa jukwaani anakemea wizi. Kufuli lile hawakuligusa miaka ishirini na saba.

Nchi nzima hututania watu wa Sumbawanga kwa uchawi. Tunakasirika, tunasema tunasingiziwa. Tukimaliza kukasirika tunavuka barabara, tusipite karibu na kitambaa.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia mwenye nyumba, Mzee Polikarp.

"Marahaba. Unakitaka kweli?"

"Nakitaka."

"Basi kilichomo ni chako. Na kitakachokupata ni chako."

Ijumaa asubuhi alisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya fuso la mahindi, akichungulia. Mwenye nyumba huyo.

Timoth wa kuchomelea alikuja na grinda yake. Akaiwasha, akalitazama kufuli, akaizima.

"Dada Gau, mimi nakata chuma. Kitambaa hakimo kwenye kazi yangu."

"Ni kitambaa tu, Timoth."

"Si ndiyo? Kitoe basi."

Watu wakawa wamejaa. Stumai, jirani yangu mkaanga samaki, migebuka ya ziwani, rafiki yangu na redio ya mtaa, alikuwa mbele kabisa, simu mkononi, anapiga picha. Nikamwambia, "Nikidondoka usiniweke stetasi kabla hujaniokota."

"Nitakuokota kwanza, shoga. Halafu stetasi."

Nikakivuta. Kilikuwa kikavu kama jani la muhindi. Fundo la kwanza likakatika lenyewe, la pili, la tatu. Kikafunguka mkononi mwangu, na kwa ndani, pale jua lilipokuwa halifiki, rangi ilikuwa mpya. Nyekundu iliyokolea, na vimwavuli vidogo vya njano.

Chini yake kufuli lilikuwa safi, lina grisi, halina kutu hata chembe.

Timoth akaliangalia. Akaniangalia mimi. "Kumbe alilifunika lisinyeshewe na mvua."

Stumai alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka ishirini na saba watu wazima mnaogopa koti la mvua la kufuli!"

Mzee Polikarp alivuka barabara haraka. "Mimi nilijua siku zote," akasema.

Ndani palinuka panya na mkaa. Cherehani moja, pasi ya mkaa, vifungo kwenye kopo la maziwa, kalenda iliyogoma Novemba elfu moja mia tisa tisini na saba. Na katikati, pipa la mafuta lenye kifuniko, limegongwa likagongeka. Bati lilikuwa linavuja mwaka ule, na fundi alikuwa mtu wa tahadhari. Mtu anayelivika kufuli koti, usishangae akizika nguo kwenye pipa.

Timoth akalifungua kwa nyundo.

Magauni. Yamekunjwa, yamepigwa pasi, mekundu, vimwavuli vya njano. Kila moja limebanwa karatasi kwa pini, lina jina na vipimo.

Stumai akachomoa moja. "Rosina. Kiuno ishirini na sita."

Tukatazamana. Rosina wa leo ana ishirini na sita kwenye mkono.

Tulicheka sana. Tulipomaliza tukagundua Mzee Polikarp hacheki. Alikuwa amekaa kizingitini, kofia mkononi.

"Hizi ni sare za Kristiana," akasema.

"Kristiana yupi?" Stumai akauliza. Yeye ni wa Kasanga, alipohamia mjini mambo haya yalikuwa yamekwisha.

"Alikuwa mwimbaji wa kwaya. Sauti yake, mwanangu, ukiisikia unasamehe mtu. Kwaya ilimtuma Zambia anunue vitenge vya sare, vya watu arobaini, kwa misa ya jubilei ya paroko. Akarudi. Akasema amempa fundi, vipimo fundi alikuwa navyo tayari. Siku kwaya ilipokwenda kuzifuata sare, fundi akawa ameshafunga, amekwenda msibani. Mvua ikakata barabara. Fundi harudi. Wakamuuliza Kristiana, nani alikuona ukimpa? Hakuna. Wakasema vitenge ameviuza huko huko ziwani, njiani."

"Si wangevunja mlango wakaangalia?"

Mzee Polikarp akaigeuza kofia yake. "Kulikuwa na kitambaa kwenye kufuli."

Hapo hata Stumai aliishusha simu.

Fikirini wasomaji wangu. Kitenge kilichotafutwa na kwaya nzima, na mwenyekiti wa mtaa, na paroko mpaka mimbarini, kilikuwa kimening'inia mlangoni mchana kweupe. Hakuna aliyekitazama vizuri kwa sababu kila mmoja alikuwa hodari wa kuogopa.

Kristiana walimtoa kwenye kwaya. Akienda kisimani wenzake wanakumbuka kazi nyumbani. Mumewe Teodori alipofariki, kwaya haikwenda kuimba. Aliimba yeye, peke yake, kaburini kwa mumewe, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Halafu akahamia Milepa, kule bondeni, akawa analima huko.

Sisi watoto tulimtungia jina. Mama Kitenge. Tulimfuata kwa nyuma tukimwimbia, "Mama Kitenge, kitenge kiko wapi?" Niliyekuwa naanzisha wimbo ni mimi. Kuanzisha wimbo nilirithi kwa mama.

Maana sijawaambia. Mama yangu, Emerensiana, alikuwa kwenye kwaya hiyo. Siku ya kikao, watu walipokuwa bado wanasitasita, alisimama yeye. Duka la fundi lilikuwa ukuta kwa ukuta na nyumba yetu ya wakati ule, kwa hiyo walimgeukia. Akasema maneno manne:

"Mimi kitambaa chochote sijaona."

Yakatosha. Leo mama ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kigango. Akikohoa kanisani, watu wanageuka kuona kama ameanzisha wimbo.

Stumai aliondoka mbio, na ninyi mnajua alikokwenda. Mzee Polikarp akamfuata polepole. Nikabaki na pipa.

Nitawaambia ukweli, nilianza kulitafuta gauni la mama ili nimcheke kiuno. Nikatoa moja moja. Rosina. Margareth. Kabula, ambaye ni marehemu. Nikafika chini ya pipa. La mama halimo.

Nikahesabu. Thelathini na tisa.

Nikasema labda nimekosea, koo limekauka, ngoja ninywe maji. Nikaifungua tranka yangu, niliyohamia nayo asubuhi hiyo, nitoe kikombe. Nikainua kifuniko.

Ndani ya kifuniko cha tranka yangu, kuanzia siku niliyokwenda kidato cha kwanza, kuna kitambaa alichokibandika mama kwa uji wa ngano ili bati lisichafue nguo. Nimelifungua sanduku hilo maelfu ya mara, kitambaa chake sijawahi kukitazama. Bwenini, kwenye ndoa, kwenye talaka ambayo haijaandikwa.

Chekundu. Vimwavuli vya njano.

Pembeni bado kuna mshono wa mkono wa gauni.

"Hodi humu."

Sikuhitaji kugeuka. Mama ana hatua ambazo unazisikia kabla hajatoka kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akatazama pipa. Akatazama tranka. Alishusha kifuniko taratibu kama anayemfunika mtoto aliyelala, akakaa juu yake.

"Mama."

"Nipe maji kwanza."

"Kikombe umekikalia."

Akakipapasa kifuniko. Kisha akasema, "Fundi aliniita nijaribu langu siku mbili kabla ya kuondoka. Lilinikaa vizuri, Gaudiosa. Nikaomba nilale nalo nyumbani. Yale mengine aliyafungia humu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukasimama kikaoni!"

"Sikusimama. Waliniuliza. Nilitaka kwanza wamwogopeshe Kristiana kidogo, alikuwa amezidi na hiyo sauti yake. Nikasema, Jumapili nitawaambia." Akapangusa goti lake ambalo halikuwa na vumbi. "Jumapili wakanipa mimi solo."

Nikaanza kuyarudisha magauni kwenye pipa, moja moja.

"Ukishaimba, mwanangu, unaanzia wapi kusema?"

"Alipomzika Baba Teodori alijiimbia, mama. Peke yake."

"Nilimsikia. Nilifunga dirisha."

Basi sikilizeni sasa, hapa ndipo penye dhambi yangu. Mama aliniambia hivi: vikao vyote vya akina mama vitahamia kwangu. Kipaimara, komunyo, harusi, wageni wa paroko. Supu, chapati, pilau, kwangu. "Nyumba yako itajaa mpaka watu wakae nje," akasema. "Fundi ni marehemu. Tutasema fundi ndiye aliyekosea. Kristiana ataombwa radhi, wewe utapata watu. Nani anaumia?"

Ananijua. Alinizaa.

Nikasema sawa.

Naam. Nilisema sawa, na nikamwuliza pilau la watu wangapi.

Tranka tungeitoa vipi? Mtaa mzima ulikuwa mlangoni. Emerensiana akionekana anabeba sanduku kutoka duka la fundi, wangesema tumeiba. Tukapanga itoke Jumapili wakati wa misa ya pili, watu wakiwa kanisani. Sahani za Jumamosi mama angeleta za kigango.

Kwa nini Jumamosi? Kwa sababu Stumai alikuwa ameshatangaza: wenye magauni waje saa sita mchana wachukue. Nami nikaona, watu wote hao waje wasimame bure? Nikabandika supu.

Walikuja. Mungu wangu, walikuja. Wenyewe, binti zao, wajukuu zao, na wengine ambao hata kwaya hawakuwahi kuisogelea. Kulikuwa na kelele tamu kama siku ya kuuza ng'ombe.

Rosina alilipokea gauni lake, akaliinua juu, akalitazama kama anayetazama soksi. "Fundi alikosea vipimo," akasema.

"Alikosea wapi?" Margareth akamjibu. "Wewe ndiye uliyekosea, tena kwa maharage."

Mama alikuwa amekaa juu ya tranka tangu saa tatu asubuhi. Alikaa kama mlinzi wa benki. Watu wakija kumsalimu anawapa mkono bila kuinuka, wakasema, ona alivyo na heshima zake.

Akatoa hotuba hapo hapo alipokaa. "Wapendwa, fundi ndiye aliyetukosesha. Mungu amsamehe. Dada yetu Kristiana tutampelekea ujumbe Milepa."

"Ujumbe umeshafika," ikasema sauti mlangoni.

Haikuwa kubwa. Lakini ni ile sauti. Walioijua waligeuka wote kwa pamoja, kama wamepigiwa noti.

Mama mmoja mwembamba, kitambaa kichwani, kandambili zina udongo wa bondeni. Stetasi ya Stumai ilikuwa imefika Milepa kabla ya jua kuzama.

Rosina akapiga magoti. Sikutegemea, na goti lake wala halikutegemea. "Dada Kristiana! Tusamehe! Tulidanganyika, dada, fundi ndiye..."

Kristiana alibaki pale mlangoni. Alikuwa anahesabu. Anayanyooshea kidole magauni moja moja, yaliyo mikononi, yaliyo mabegani, ya marehemu yaliyobaki kwenye pipa. Midomo inacheza.

"Nilinunua vya magauni arobaini," akasema. "Hapa yapo thelathini na tisa."

Wengine wakaanza kuhesabu na wao.

"La nani halipo?" Margareth akauliza.

Watu wakatazamana mikononi. Polepole macho yakamfikia mama, aliyekuwa amekaa juu ya tranka mikono mitupu.

"Emerensiana, lako liko wapi?"

Mama hakupepesa. "Mimi," akasema, "gauni lolote sijaona."

Maneno manne tena.

Rosina alikuwa bado amepiga magoti. Akatafakari. Akashika meza, akainuka, akajipangusa vumbi.

"Kwa hiyo moja liliuzwa," akasema.

"La Emerensiana," akasema mwingine. "Aliyemsema kikaoni! Si unaona? Kristiana hakumpenda tangu mwanzo."

"Na sisi tumepiga magoti hapa!"

"Wewe ndiye uliyepiga. Mimi nilisubiri."

"Kumbe hatukukosea sana," Margareth akamalizia, na watu wakaitikia kama wamefika kwenye kiitikio. Mama mmoja akamshika mama yangu bega. Pole, Emerensiana. Pole sana. Miaka yote hiyo, kumbe ni wewe uliyeibiwa.

Dakika nne, wasomaji wangu. Waliomba radhi ya miaka ishirini na saba wakaichukua tena kwa dakika nne. Kristiana alisimama mlangoni na kandambili zake, na niliona uso wake unajifunga taratibu, namna mtu anavyofunga nyumba anayoijua.

Kisha akanitazama mimi.

"Wewe ni Gaudiosa."

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa unaanzisha ule wimbo."

Nikainamisha kichwa. "Ndiyo, mama."

"Ulikuwa na sauti nzuri." Hakuwa anatania. "Na wewe ndiye uliyelifungua pipa. Sitakuuliza mengi. La arobaini umeliona?"

Mama yangu akanitazama. Vikao, kipaimara, harusi, vyote vilikuwa machoni mwake. Nyumba ilikuwa imejaa mpaka watu wamekaa nje, kama alivyoniahidi.

Nikafungua mdomo. Kabla haijatoka hata silabi, Stumai akapiga kelele kutoka jikoni:

"Gau! Supu inazidi kukauka na watu wana njaa! Sahani za kigango mbona hazijafika?"

"Zimeazimwa msibani Laela," mtu akajibu.

"Basi tutumie zako! Si ziko kwenye tranka?"

Watu sitini wakaigeukia tranka. Mama akatandaza kanga yake upande huu, akaitandaza upande ule. "Wale na vikombe," akasema. "Wale na vifuniko. Hawa si wageni."

"Supu ya mifupa na vifuniko, Emerensiana?" Rosina akacheka. "Inuka tu mwenzetu, tukusaidie."

Nikaenda. Kutoka niliposimama mpaka pale ni hatua saba, nilizihesabu. Nikapiga goti mbele ya mama yangu, goti la adabu, kama alivyonifundisha mwenyewe. Nikashika mshikio wa tranka upande wa kulia.

"Mama," nikasema, "naomba uinuke."

Hakuinuka.

Nikasikia kandambili nyuma yangu, chap, chap, chap. Kristiana akapita katikati ya watu, akainama, akashika mshikio wa upande wa pili.